Ufa wa Zamani

Siku za mwisho za Shaabani, sisi wanawake wa kichochoro chetu hapa Fes huwa tunasugua nyumba kuanzia darini hadi kizingitini. Lalla Ghalia alikuwa akifuta ukuta wa chumba cha mumewe, kidole chake kikazama ndani. Akafuta tena, chokaa ikamwagika kama unga. Aligonga ukuta wa upande wangu, kama tulivyozoea kuitana, nami nikavuka na mikono yangu imejaa povu.

"Batul, hebu tazama hapa uniambie kama macho yangu yana kasoro."

Macho yake hayakuwa na kasoro. Ufa ulianzia nyuma ya kitanda, ukapanda kwa kupindapinda hadi kwenye boriti, na kule juu ulikuwa mpana kiasi cha kuingiza kijiko.

Kitandani alikuwa Sidi Thami. Maisha yake yote alikuwa fundi wa viatu vya ngozi, mpaka kiharusi kikampoozesha upande wa kulia. Tangu hapo alikuwa akilala katika chumba kile cha chini, mlango wazi kuelekea uani, akisikiliza maji yanavyodondoka kwenye birika na kumtania kila aliyepita. Maneno yalimtoka yamesagika, lakini akili ilikuwa timamu kuliko ya wengi wetu.

"Mmekuja kuniona mimi au kuuona ufa?" akauliza.

"Ufa," Lalla Ghalia akamjibu. "Wewe tumeshakuzoea."

Nyuma ya ukuta ule ndiko iliko nyumba ya Jawad. Ukuta ni mmoja, unabeba nyumba zote mbili, kama ilivyo kwetu sote. Jawad alizaliwa humo. Nilimjua tangu ana makamasi, na alikula kwa Lalla Ghalia mara nyingi kuliko kwa mama yake. Baadaye alikwenda Casablanca, akafanya kazi za hoteli, na wazazi wake walipofariki akanunua mafungu ya ndugu zake, akachukua mkopo benki, akarudi kuigeuza nyumba kuwa ya wageni. Punda walikuwa wakitoa kifusi kwake majira yote ya baridi. Karatasi iliyobandikwa mlangoni pake ilisema ni ukarabati. Lakini mafundi wana midomo, na kila mtu alijua kwamba pale palipokuwa jiko, ubavuni kabisa mwa ukuta, palichimbwa bwawa la kuogelea.

Lalla Ghalia alimwita. Jawad akaja na vumbi kwenye kope, akambusu Sidi Thami kichwani, akaupapasa ufa.

"Nyumba hizi ni za zamani, mama," akasema. "Hata kwangu kuna nyufa."

"Huu haukuwepo."

"Labda hukuwa umeuona."

"Jawad, mwanangu. Nalala chini ya ukuta huu tangu siku niliyoolewa. Ukiniambia sikuuona, ni sawa na kuniambia simwoni huyu aliyelala hapa."

Alisema atafikiria, akaondoka.

Ramadhani ikapita na ufa ukashuka hadi sakafuni. Baada ya Idi, Jawad alitualika kwake. Nilikwenda na Lalla Ghalia kwa sababu binti yake wa pekee, Ibtisam, alikuwa akifundisha shule upande wa mji mpya na hakuweza kutoka. Jawad alimimina chai mwenyewe, akatuwekea vikeki vya lozi.

"Mama, nitaujenga ukuta kwa gharama yangu," alisema. "Nitaweka nguzo za chuma, nitapiga saruji, nitarudisha chokaa yako kama ilivyokuwa. Wakati wa kazi mtakaa kwangu, chumba cha chini, Sidi Thami asipandishwe ngazi. Kabla mvua hazijaanza, kazi imekwisha."

"Allah akuridhie. Na wewe unataka nini?"

"Karatasi tu."

Akaitoa. Ilikuwa imeshachapwa. Ilisema kwamba mwenye nyumba anakiri ufa ni wa zamani, ulikuwepo kabla ya kazi za jirani yake, na kwamba hana dai lolote juu yake, sasa wala baadaye.

Lalla Ghalia aliisoma taratibu, akaiweka kando ya sahani.

"Kwa nini niseme ni wa zamani?"

"Kwa sababu kibali changu hakikutaja bwawa. Ikisemwa ni mimi, wananifungia. Na benki hainisubiri."

"Kwa hiyo unajua kuwa ni wewe."

Jawad alitazama ndani ya glasi yake. "Ninachojua ni kwamba nitautengeneza."

"Na ukiuacha katikati?"

"Nakupa neno langu, mama."

"Neno lako unaliweka mdomoni, langu unalitaka kwenye karatasi."

Hata hivyo hakukataa. Watu wanaosema kwamba alikuwa mkaidi tangu mwanzo hawakuwepo. Alichukua muda. Jioni ile aliisoma karatasi mbele ya mumewe, nami nikiwa nimekaa mlangoni nachambua njegere, na Ibtisam amefika na mkoba wake wa madaftari.

"Saini," Sidi Thami akasema.

"Ni uongo, Thami."

"Uongo mdogo. Ukuta mkubwa."

Ibtisam akaingilia. "Baba, ukishasaini hiyo, hata ukuta ukituangukia kesho hatuna pa kwenda kulalamika. Sheria iko upande wetu. Mbona tuombe msamaha kwa kuvunjiwa?"

"Ukuta ukiniangukia, binti yangu, sitakuwa na hamu ya kulalamika," akasema, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kisha uso ukatulia. "Ghalia, mimi sitaki kushinda. Nataka kufia hapa."

"Usizungumze mambo ya kufa."

"Tunazungumza mambo ya ukuta. Ni yale yale."

Kabla ya kuamua alitaka kumsikia mtu wa sheria. Tulikwenda kwa Ustadha Senhaji, wakili mwanamke, ofisi yake juu ya duka la dawa katika mji mpya. Alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, na alimsikiliza Lalla Ghalia hadi mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo sikulitarajia.

"Haki ni yako," alisema. "Hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni muda. Nikifungua kesi nitaomba mtaalamu ateuliwe aje kupima. Atachelewa. Akileta ripoti, wenzetu wataipinga. Hakimu anaweza kuhamishwa katikati, tukaanza kueleza upya. Tukishinda, atakata rufaa. Na wakati wote huo ukuta haujui kwamba uko mahakamani."

"Na suluhu?"

"Suluhu hii ni mbaya. Ningekuwa wakili wa Jawad, ningejisifu kwa kuiandika. Lakini ndani yake kuna chuma na saruji kabla ya mvua."

"Kwa hiyo nisaini?"

"Sikusema hivyo. Ukisaini na yeye asijenge, au ajenge vibaya, hata mimi siwezi kukusaidia. Jaribu kumwomba aiondoe ile sentensi."

"Nimeshamwomba. Amesema bila sentensi hakuna ukuta."

Ustadha alivua miwani, akasugua macho.

"Ustadha, nimekuja hapa uniambie la kufanya," Lalla Ghalia akasema.

"Kila anayekaa kwenye kiti hicho amekuja nimwambie la kufanya. Mimi naweza kukuambia yatakayokuja. La kufanya ni lako, maana utakayeishi nalo ni wewe."

Siku kadhaa alitembea na jambo lile. Tulikuwa tukianika nguo darini, naye angesimama na shuka mkononi, anatazama dari ya Jawad. Asubuhi moja aliniambia, "Nitasaini. Mume wangu ana haki kuliko mimi, yeye ndiye anayelala pale." Nikamwambia amefanya vizuri. Niliona mabega yake yameshuka, kama mtu aliyetua mzigo.

Lalla Ghalia alimpelekea Jawad habari kwamba amekubali. Siku hiyo hiyo adhuhuri, Jawad, ambaye alikuwa na wageni wa benki, hakuja mwenyewe. Alimtuma msimamizi wa mafundi wake. Mtu yule aliingia hadi uani bila kubisha, karatasi mkono mmoja, mkono mwingine kidau cha wino.

"Bibi, lete kidole gumba," alisema. "Hapa chini. Bonyeza tu, usiogope."

Lalla Ghalia alisoma hadi darasa la mwisho la shule ya wasichana, enzi ambazo wengi wetu tulifundishwa kudarizi tu. Alimtazama yule mtu, akatazama wino.

"Hii imeandikwa nini?" akamuuliza.

"Mambo ya ukuta, bibi. Kwamba umekubali."

"Mwambie aliyekutuma tutaonana mahakamani."

Sidi Thami aliita kutoka chumbani, "Ghalia." Akaita tena. Lalla Ghalia alikuwa amesimama uani na mgongo wake kwa mlango, na hakugeuka mpaka yule mtu alipotoka.

Jawad alikuja mbio jioni kuomba radhi. Alimtukana msimamizi wake mbele yetu, akasema atamfukuza. Lalla Ghalia alimpa kiti, akampa chai, akamwambia neno limeshatoka. Mpaka leo sijui kama kilichomzuia ni ule uongo au ni kile kidole gumba. Nilimuuliza mara moja. Alisema hata yeye hajui, na kwamba hilo ndilo linalomkosesha usingizi.

Basi kesi ikafunguliwa. Siku ya kwanza alivaa jilbabu yake ya sherehe na Ibtisam akamshika mkono. Jawad alitukuta ukumbini, akainama akambusu Lalla Ghalia kichwani, kila mtu akaona haya. Kesi ikaahirishwa kwa sababu wakili wake Jawad hakupata nakala. Mara nyingine ikaahirishwa kwa sababu mtaalamu hajateuliwa, kisha kwa sababu ameteuliwa lakini ameomba udhuru. Lalla Ghalia aliacha kuvaa ile ya sherehe. Alikuwa akija na mkate na mayai ya kuchemsha kwenye mfuko, tunakula kwenye ngazi za mahakama, tukirudi Sidi Thami anauliza, "Haya, wamesemaje?"

"Wameahirisha."

"Hao wangekuwa washona viatu, mji mzima ungetembea peku."

Mtaalamu alipokuja hatimaye, mvua za mwaka wa kwanza zilikuwa zimeshapita na ufa ulikuwa umezaa mwingine. Kwa Jawad hakuliona bwawa. Lilikuwa limefukiwa, juu yake vimewekwa vigae, juu ya vigae mazulia na mito. Aligongagonga sakafu kwa fimbo, akapiga picha, akanywa chai. Ripoti yake ilisema chanzo cha nyufa huenda ni kazi za ujenzi, au uchakavu, au maji ya chini ya ardhi.

"Amesahau kunitaja mimi," Sidi Thami akasema Ibtisam alipomsomea. "Nakoroma sana."

Tulicheka. Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kucheka pamoja ndani ya nyumba ile.

Ustadha aliomba mtaalamu wa pili. Hakimu akahamishwa. Mara mbili katika kipindi hicho Lalla Ghalia alimwambia Ibtisam kwamba anataka kumrudia Jawad wapatane, na mara zote mbili Ibtisam akamshika mikono akamwambia, "Mama, tumeshafika hapa. Avumilie baba kidogo tu." Siwezi kumlaumu msichana. Alikuwa akimpenda baba yake na alikuwa akiamini yale anayowafundisha watoto darasani.

Mvua za mwaka wa pili zilikuja vibaya. Alfajiri moja kipande cha chokaa kizito kilianguka kwenye godoro, upande aliokuwa amelala Lalla Ghalia kabla hajaamka kutawadha. Sidi Thami hakuumia. Ila alikuwa ametapakaa vumbi jeupe usoni, na alipokuwa akijaribu kulifuta kwa mkono wake mmoja alizidi kulipaka.

Habari zikamfikia mjumbe wa mtaa, mjumbe akaleta tume ya wahandisi. Hawakukaa sana. Waliweka alama nyekundu mlangoni kwa Lalla Ghalia, na wakaweka nyingine mlangoni kwa Jawad, kwa sababu ukuta ni mmoja. Nyumba zote mbili wasikae watu. Wageni wa Jawad waliondoka siku ile ile wakivuta masanduku yao kwenye mawe, na Jawad akabaki amekaa kizingitini, hana kofia, mvua inamnyea.

Sidi Thami ilibidi atolewe amekalishwa kwenye kiti, maana machela haikuweza kupinda kwenye kichochoro chetu. Wanaume walimbeba juu juu. Jawad akainuka akashika mguu mmoja wa kiti, hakuna aliyemzuia. Walipofika kwenye tanuri la mkate, mzee akauliza, "Ghalia, umefunga maji?"

"Nimefunga."

"Kwa nini ulifunga?"

Walipewa chumba na sebule katika majengo mapya nje kabisa ya mji, ghorofa ya juu, kwa muda. Muda huo haukuwahi kutajwa mwisho wake. Dirisha lilitazama ukuta wa jengo jingine. Nilikuwa nikienda kila nilipopata nafasi. Sidi Thami hakutania tena. Alikuwa akiuliza kesi imesemaje, anaambiwa imeahirishwa, anafumba macho. Kisha akaacha kuuliza. Alikula akilishwa, akakubali kugeuzwa, akashukuru kwa kila kitu kama mgeni aliyelala kwa watu asiowajua. Alifariki siku ya kawaida, mchana, Lalla Ghalia akiwa chini anapokea mtungi wa gesi.

"Hakunilaumu hata siku moja," aliniambia tulipokuwa tukipanga viti vya matanga. "Angenilaumu, ningepata pa kushika. Ningemjibu, tungegombana. Alininyamazia, Batul."

Jawad alikuja kuhani. Alilia kwelikweli, kwa sauti, hata Ibtisam akatoka chumbani. Baada ya fatiha alikaa na Lalla Ghalia pembeni, mimi nikiwa namimina kahawa. Alisema benki inachukua nyumba yake. Kuna mnunuzi kutoka Rabat anazitaka zote mbili kwa pamoja, azibomoe ndani ajenge upya, lakini hagusi kitu chenye kesi.

"Mimi nimeshapoteza, mama," alisema. "Sitaki kukudanganya. Nikiuza, pesa zangu zote zinakwenda kwenye deni. Wewe utabaki na chako kidogo. Usipouza, tume itabomoa, na gharama ya kubomoa watakudai wewe."

Ibtisam alikuwa amesimama mlangoni.

"Tukiacha kesi sasa, baba amekufa bure," alisema.

"Baba yako amekufa, Ibtisam. Kama ni bure au si bure, yeye halimhusu tena."

"Kwa hiyo sote tulikuwa tunacheza?"

"Sijui tulikuwa tunafanya nini, mwanangu. Nilidhani nasema ukweli."

Waliandikiana suluhu ofisini kwa Ustadha Senhaji. Karani wa mnunuzi alikuja nayo imeshachapwa, na katikati yake, kwa kuwa ndivyo mawakili wao walivyotaka pasibaki mwanya, palikuwa na sentensi kwamba nyufa zote ni za uchakavu wa zamani na hazikusababishwa na mtu yeyote. Ustadha akaiona, uso ukabadilika.

"Hii naweza kuiondoa," alisema. "Nipe wiki chache. Safari hii wanataka haraka wao, si sisi. Watakubali."

"Iache."

"Lalla Ghalia, si lazima."

"Iache, Ustadha. Sentensi yenyewe imechoka, na mimi nimechoka."

Aliandika jina lake lote, herufi kwa herufi, kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya wasichana. Jawad alisaini baada yake bila kuisoma. Nje, kwenye ngazi, alitaka kumsindikiza hadi kwenye teksi, naye akamruhusu. Walitembea polepole mbele yangu, yeye ameshika kiwiko cha Jawad, na mtu asiyewajua angedhani ni mama na mwanawe wametoka kumwona daktari.

Ibtisam aliomba uhamisho akaenda kufundisha Tangier. Humpigia mama yake simu siku za Idi, anamwombea afya, hawaongei sana. Nyumba zilibomolewa kiangazi kile kwa mikono, maana mashine haipiti kwetu, na vumbi lake likatanda juu ya nguo zangu darini mwezi mzima. Wasichana wangu walitaka niende kuulalamikia uongozi wa kazi, maana ukuta wangu wa upande ule nao umeanza kutoa mlio wakati wa jua kali. Sijakwenda. Nasogeza kabati mbele yake.

Mara ya mwisho nilipomtembelea Lalla Ghalia nilianza kumwambia jinsi mnunuzi wa Rabat alivyopandisha ghorofa. Aliinua kiganja.

"Usinisimulie hayo. Nisimulie ya wajukuu zako."

Nikamsimulia. Alisikiliza huku akichambua dengu, akauliza nani ameota meno na nani bado. Alasiri ilipoadhiniwa tuliswali pamoja kwenye sebule ile nyembamba, kisha akanipa dengu zilizobaki kwenye mfuko, akanihimiza niondoke, kwa kuwa basi la kurudi mjini huwahi kupita na lingine hakuna.